Karatasi Haina Mama

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, mwenye nyumba wangu alisimama kwenye korido akiwa na gauni la kulalia na sweta ya marehemu mumewe, akanyoosha mkono wa kulia, akaelekeza bastola kwenye kifungo cheusi cha koti alichokibandika ukutani. Tik. Anashusha mkono, anapumua, anaunyanyua tena. Tik.

Bastola ilikuwa tupu. Mimi siku ya kwanza sikulijua hilo. Nilikuwa nimehamia jana yake, natoka chumbani na birika la maji ya moto nikielekea bafuni. Nilipomwona niliachia birika, maji yakanirukia miguuni, nikakaa chini palepale na mikono juu ya kichwa.

Yeye hakushtuka. Alilifungua lile duara la chuma linalobeba risasi, akanionyesha matundu yake sita, akaliinua ili nione mwanga upande wa pili.

"Angalia. Hakuna kitu. Iko chuma tu. Juu ya nini unalia?"

Sikuwa najua kwamba nalia.

Ilikuwa mwaka 2015. Muda mfupi kabla ya hapo, wanaume wawili waliingia katika chumba nilichokuwa nikishonea katikati ya mji wa Johannesburg, juu ya maduka ya mablanketi ya jumla. Mmoja aliniwekea bastola shingoni, mwenzake akakusanya simu na vitambaa vya wateja. Hawakuniumiza. Lakini tangu siku ile, tairi likipasuka barabarani, nilijikuta chini ya meza bila kujua nimefikaje. Ndiyo maana nilihama mjini nikatafuta chumba cha kimya, nikakipata mtaa wa Observatory, kwenye nyumba ya mlimani yenye mawaridi mbele, kwa mwanamke mzee wa Kizungu ambaye, niliambiwa, anajua Kiswahili. Hakuna aliyeniambia habari za bastola.

Kiswahili chake kilikuwa cha Lubumbashi. Alikuwa Mgiriki, na mambo ya ukoo wake sikuyauliza. Ninachojua ni kwamba Kiswahili alikipata jikoni, kwa wapishi wa nyumbani kwao, na miaka yote ya Johannesburg haikumwondolea. Mimi ni mtu wa Tanga. Wiki ya kwanza nilimwita Bibi, kwa heshima, kama ambavyo ningemwita mama wa mama yangu. Akaacha kumwagilia maua akanikazia macho.

"Bibi ya nani? Bwana yangu alikufa zamani!"

Kumbe kwao bibi ni mke wa mtu. Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Tukakubaliana nimwite Madame, kama walivyomwita Wakongo wa Yeoville waliokuja kupanga kwake kabla yangu, naye akaniita Fundi.

Madame alikuwa bahili wa maji ya moto. Alizima hita ya bafuni asubuhi mapema, na ukichelewa kuamka utaoga ukiimba kwa baridi. Lakini hukuweza kupita jikoni kwake bila kukalishwa na kulishwa. Nilipofunga Ramadhani alisogeza chakula chake cha jioni mpaka magharibi ili nisifuturu peke yangu. Na ilipofika Kwaresima yake ya Kiorthodoksi, akiwa hali nyama wala maziwa wala mayai, alinitazama kwa jicho la ushindani.

"Ninyi munakula usiku," alisema. "Sisi hatukuli siku mingi. Nani anafunga kweli?"

"Lakini nyinyi mnakunywa maji mchana, Madame."

Akafikiri. "Bon," akasema. "Tuko sawasawa."

Na mtu huyu aliyependa mlio wa bastola aliogopa radi kuliko mtoto. Johannesburg msimu wa joto mvua huja alasiri kwa ngurumo za kupasua vioo. Wingu likianza tu kujikusanya juu ya mnara wa Hillbrow, Madame alifunika vioo vyote vya nyumba kwa mashuka, akachomoa kila waya ukutani, na mashine yangu ya kushonea ikiwemo, akakaa chini ya meza ya chakula na picha yake takatifu ya Mama Maria. Mara ya kwanza nilisimama nikimwangalia. Mara ya pili niliingia chini ya meza nikakaa naye. Tulikuwa watu wazima wawili, kila mmoja na mlio wake anaouogopa.

Sasa niseme juu ya bastola yenyewe. Haikuwa silaha ya kubeba kiunoni. Ilikuwa na mtutu mrefu mwembamba, mzito kwa mbele, na juu yake vyuma viwili vidogo vya kulengea, cha nyuma kikiwa na skrubu ya kukisogeza unywele mmoja kushoto au kulia. Rangi yake ya bluu iliyokoza ilikuwa imefifia kwenye kingo, pale ilipoguswa miaka na miaka. Mpini ulikuwa wa mti wa jozi, umechongwa michoromichoro ili usiteleze, na upande mmoja michoro ilikuwa imelainika kabisa kwa kiganja chake. Waliitengeneza zamani, wakati mafundi walipopiga tupa kila kipande kwa mkono, na waliitengeneza kwa kazi moja tu: kutoboa karatasi yenye duara jeusi katikati. Ilikaa katika sefu iliyokazwa ukutani nyuma ya makoti, na ufunguo wa sefu ulikaa shingoni mwake, kwenye mkufu mmoja na msalaba.

Nilimuuliza siku moja, nikimpimia sketi, kwa nini mwanamke wa umri wake anapenda kitu kama kile.

"Miye sipendi bunduki," alisema, ameshika pini mdomoni kwa niaba yangu. "Napenda kunyamaza. Ukilenga, kila kitu ndani yako kinanyamaza. Na ile unapiga ni karatasi. Karatasi haina mama."

Alikuwa mkali katika hilo. Mgeni wa mpangaji mmoja, kijana mtanashati, aliwahi kumwomba aishike ile bastola apige nayo picha ya simu. Madame alimpakulia chakula kwanza, maana alikuwa ameshakaa mezani. Alipomaliza kula akamsindikiza mpaka getini, akafunga, akamwambia kupitia vyuma kwamba asirudi tena.

Kila Jumamosi alienda kwenye uwanja wa shabaha na gari lake dogo la rangi ya maziwa. Kila Jumamosi aligonga mlango wangu. "Fundi, kuya." Kila Jumamosi nilisema siwezi kuja, nina nguo za watu za kushona. Hakunisukuma. Aliacha chupa yangu ya chai juu ya ukuta, maana alishanichemshia, akaondoka.

Mwaka 2017, Jumapili moja mchana, nilikuwa nashona gauni la harusi kwenye veranda, naye ndiyo kwanza karudi kanisani, bado ana viatu vyake vya kanisa. Wanaume wawili waliruka ukuta. Mmoja alikuwa na bisibisi ndefu. Mwingine, mwenye kofia, aliweka mkono mfukoni, na hatukujua mfuko una nini. Walitusimamisha ukutani.

"Iko wapi bunduki?" aliuliza mwenye bisibisi, kwa Kiingereza. Hapa mjini wezi huuliza bunduki kabla ya pesa.

Madame alimjibu kwa Kizulu, sauti yake ileile ya kuagiza mkate. Alisema yeye ni mwanamke mzee, hana bunduki, wachukue wanachokiona. Mwenye kofia alivuta mkufu shingoni kwa Madame ukatokeza nje ya blauzi. Ufunguo ulining'inia pale kando ya msalaba. Alimtazama yule mzee usoni, kisha akauachia mkufu. Walichukua televisheni, simu zetu, na mashine yangu ya kushonea, pamoja na kipande cha gauni la harusi kilichokuwa bado kwenye sindano.

Walipotokomea, miguu yangu ilikataa kusimama. Lakini mdomo haukukataa.

"Una bastola ndani! Unalenga kifungo kila asubuhi! Mbona hukufanya kitu?"

"Nifanye nini?"

"Uwatishe!"

"Bunduki haiko ya kutisha. Ukiitoa, utapiga." Alikuwa anaokota maua yaliyokanyagwa. "Nimupige nani? Ule wa kofia? Umeona mikono yake ilikuwa inatetemeka? Eko na mama pahali."

"Na mashine yangu?"

"Mashine iko na duka, Fundi. Mama ya ule mutoto ataenda duka gani?"

Nilimjibu maneno ambayo mtu hamwambii mkubwa wake, nikaingia chumbani kwangu nikajifungia. Kesho yake asubuhi alinikuta nimekaa kitandani na mkasi tu. Alinichukua mpaka mjini, tukapanda na kushuka ngazi za wauza mashine zilizotumika, naye akapatana bei kwa Kizulu, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kila duka na lugha yake, mpaka tukapata mashine nzuri kuliko ile iliyoibwa. Aliibeba mwenyewe kwenye gari. Mimi bado nilikuwa nimenuna. Nilikuwa na hasira naye, na kwa wale watu, na kwa mwili wangu unaoanguka chini kila mara kama nguo isiyo na mtu ndani.

Jumamosi aligonga. "Fundi, kuya."

Nikaenda. Nadhani nilienda kwa ajili ya kuipeleka ile hasira mahali.

Uwanja ulikuwa kusini mwa mji, mbele ya mlima wa mchanga wa njano uliotolewa chini ya ardhi na migodi ya dhahabu. Watu walikuwa wachache, wengi wazee, na meza ya vitafunwa kama ya harusi ndogo. Walinivisha vikinga masikio na miwani. Msimamizi wa uwanja aliniuliza kama ni mara yangu ya kwanza, na Madame akajibu kwa niaba yangu kwamba ndiyo, na yeye ndiye mwenye dhamana.

Alisimama nyuma yangu, mkono wake chini ya mikono yangu miwili. Bastola ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri, na baridi. Nilitetemeka mpaka meno.

"Tetemeka," alinisemesha sikioni. "Sasa pumua. Ngojea. Usivute kwa nguvu. Kamua, kama unakamua mbuzi."

"Sijawahi kukamua mbuzi, Madame."

"Hata ndimu hujakamua? Mutu wa Tanga?"

Nikacheka, na katika kucheka huko risasi ikatoka. Mlio ulinipita mwilini wote. Nilisubiri kuanguka. Sikuanguka. Mbele, kwenye kona ya karatasi, mbali na duara jeusi, palikuwa na tundu dogo, na nyuma ya tundu niliuona mchanga wa njano.

"Nani amepiga ile?" aliuliza.

"Mimi."

"Njo weye." Ndiwe wewe, kwa Kiswahili chake. Akanigusa bega. "Tena."

Sikuwa mpigaji hodari, wala sikuja kuwa. Lakini tangu siku ile sikukataa tena, na huko ndiko nilikomjua mshindani wake.

Huyo alikuwa mkunga kutoka Soweto, mwanamke mfupi mwenye kicheko cha kujaza chumba, ambaye sote tulimwita Sista kama wanavyoitwa wauguzi hapa. Alisema Kizulu na Kiingereza. Maneno yake nayaandika kwa lugha yangu. Alikuja uwanjani akitoka zamu, macho mekundu, akapiga shabaha kwa bastola ya kuazima ya klabu, na bado alimkaribia Madame kiasi kwamba kikombe cha klabu kilihama kati ya nyumba zao mbili kwa miaka. Walitukanana vizuri.

"Mama, leo umevaa miwani ya nani?" Sista angeuliza.

"Ya bwana yako," angejibu Madame.

Mwingine aliyezunguka ile bastola ni bwana mmoja mkusanyaji wa silaha za kale, mtu wa Sandton kwa matajiri, mpole, mwenye mikono misafi. Kila mwaka alikuja Observatory na boksi la peremende za lozi, akanywa kahawa, akavaa glavu nyeupe za pamba, akaishika bastola kama mtu anayeshika mtoto mchanga. Alimweleza Madame vitu asivyovijua: mwaka gani walibadilisha skrubu ile, kwa nini chuma hiki kina mkunjo. Kisha akataja bei. Mara moja bei ilikuwa ya kunifanya mimi niweke kikombe chini. Madame alimwongezea kahawa tu.

Macho ya Madame yalianza kumsaliti mwaka 2018. Alituficha. Nilianza kuona matundu yakitawanyika kwenye karatasi zake, akasema ni upepo. Kisha Jumamosi moja, mimi na Sista tukiwa ndani ya gari lake, alipita kwenye taa nyekundu ya barabarani, robot kama tunavyoiita hapa, kana kwamba haipo. Teksi ya abiria ikafunga breki mbele yetu, dereva akashusha kioo akasema yote aliyokuwa nayo.

"Eish, Mama," alisema Sista polepole, gari liliposimama kando. "Ile robot hukuiona."

"Nimeiona."

"Ilikuwa na rangi gani?"

Madame akasema tushuke wote wawili. Tukashuka. Akazima gari, akashuka na yeye, akatupa ufunguo mapajani mwa sketi ya Sista aliyekuwa ameketi kwenye ukingo wa njia, akaanza kutembea kwa miguu kuelekea nyumbani bila kugeuka nyuma. Tulimfuata kwa gari taratibu barabara nzima, na hakukubali kupanda.

Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Asubuhi niliamka nikasikiliza, hamna tik. Nilishangaa kujikuta nimesimama koridoni nikiutamani mlio ambao siku moja ulinimwagia maji ya moto miguuni. Madame alikaa jikoni, redio imewashwa, mgongo mlangoni. Daktari alimwambia jicho la kulia halitarudi, na la kushoto litafuata. Nilimsomea dawa zake. Nilimpikia wali wa nazi, akala vijiko viwili.

Kisha, wiki nyingi zikipita, alinituma nimwite Sista na yule bwana wa Sandton, waje wote Jumapili moja kwa kahawa.

Aliitandaza bastola juu ya kitambaa cha kudarizi katikati ya meza. Alimgeukia yule bwana kwanza.

"Weye nikikupa, utafanya nayo nini?"

Alijibu vizuri, sitamdhulumu. Alisema ataitunza, ataipaka mafuta, haitapata kutu, na watu ambao hawajazaliwa bado wataiona ikiwa kama ilivyo.

"Ndani ya kioo."

"Ndiyo, ndani ya kioo."

"Kama mifupa ya mutakatifu." Akamgeukia Sista. "Na weye?"

Sista alikuwa ametoka zamu. Alikuwa amezalisha mapacha usiku ule na alisinzia kwenye kiti. Alijifuta uso. "Nitakosa shabaha nayo, Mama," alisema. "Nitakosa nayo mpaka nijue."

Madame aliushika ukingo wa kitambaa akakivuta, na bastola juu yake, mpaka mbele ya Sista.

Nilimtazama yule bwana, nikitegemea atachukua boksi lake la peremende aondoke. Alikunywa kahawa yake mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba springi ya ndani imechoka, ameisikia kwa miaka, na anayo moja ya asili katika droo yake. Ataileta, na hataki malipo.

Sheria haina haraka. Bastola ilipelekwa kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni kungoja Sista akubaliwe na polisi, na kungoja kule kulikuwa kurefu. Katikati yake Madame aliiuza nyumba, akahamia katika makao ya wazee wa kanisa lake. Jicho la kushoto lilikuwa likimwonyesha mwanga na vivuli tu. Mimi nilifungua duka langu Yeoville na wasichana wawili, mmoja wa Bukavu na mmoja wa hapahapa. Siku moja tairi la lori lilipasuka mlangoni kwetu. Wasichana waliruka. Mimi nilikuwa nakata kitambaa, na niliendelea kukata mpaka mwisho wa mstari, ndipo nikagundua.

Leseni ilitoka mwaka 2019, katika ule mwezi wa Agosti wenye vumbi. Jumamosi iliyofuata mimi na Sista tulimpitia Madame. Alikuwa ametungojea nje tangu asubuhi, amevaa sketi niliyomshonea, nywele zimechanwa, na mwuguzi wa makao akalalamika kwetu kwamba amegoma kula hadi tufike.

Uwanjani alikaa kwenye kiti nyuma ya Sista, akainua kikinga sikio kimoja kidogo ili asikie. Sista alipiga. Baada ya kila mlio Madame aliniuliza imeingia wapi, nami nilimwambia ukweli: juu, chini, kando, ndani. Zilipoingia tatu ndani ya jeusi mfululizo, alipiga paja lake kwa kiganja.

Sista aliweka bastola chini, akaja akamwinamia. "Mama, simama."

"Niko kipofu, weye."

"Najua. Simama."

Msimamizi wa uwanja alisita, kisha akawaondoa watu wote kwenye mstari akasimama mwenyewe kando yao. Sista aliweka risasi moja tu. Alimshika Madame mabega akamgeuza taratibu, kama anavyowageuza watoto tumboni mwa mama zao, mpaka akamnyoosha mbele. Mkono wa yule mzee ulipanda wenyewe. Haukutetemeka. Alikaa vile muda, uso wake umetulia, upepo ukirusha vumbi la njano.

Risasi ikatoka. Karatasi haikutikisika.

Sista akaipokea bastola, akaifungua, akaiweka mezani. Madame aligeuza uso upande wangu.

"Nimepiga wapi, Fundi?"

Nilifikiri kumdanganya, na nikaona haya. "Karatasi umeikosa, Madame. Umepiga mlima."

"Mulima gani? Ule mukubwa?"

"Ule mkubwa."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka Sista akaanza, mpaka msimamizi akageukia pembeni mabega yakimruka, na mimi nikalia na kucheka kwa pamoja.

"Bon," alisema, akipapasa hewani kutafuta mkono wa mmoja wetu. "Na Jumamosi ingine munakuya saa ngapi?"